Kilomita 45 za Usambara: dhana potofu na ukweli kuhusu kuendesha baiskeli kwenye barabara za vumbi milimani

Kwa mara nyingine mgeni amefika Lushoto saa 4 asubuhi, akaninyooshea simu yenye ramani na kuniambia kwamba njia aliyoichora ni ya kilomita 45 tu, haina magari, na kwamba saa 8 mchana atakuwa amerudi anakula. Nimetengeneza baiskeli na kuongoza wageni katika barabara za vumbi za Usambara Magharibi kwa miaka kadhaa, na neno hilo “tu” nimelisikia mara nyingi mno. Ninayaandika haya ili atakayekuja ayasome kabla ya kufunga mizigo.

Dhana: umbali ndio kipimo cha safari

Hii ndiyo dhana inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayowaacha watu msituni usiku. Anayefanya mazoezi kwenye lami ya pwani, kutoka Dar es Salaam kuelekea Bagamoyo kwa mfano, amezoea kugawa kilomita kwa mwendo wake wa kawaida na kupata saa, na hesabu hiyo humtosha kwa kuwa barabara karibu yote ni tambarare. Akija milimani na hesabu ileile, hukosea kwa saa nyingi.

Tuchukue mwendeshaji wa kilo 75, baiskeli ya kilo 12, pamoja na kilo 3 za maji, chakula na vifaa. Kuinua kilo hizo 90 kwa mita 1,000 kunahitaji kilojuli zipatazo 880, iwe umepanda kwa mwinuko mkali au kwa mzunguko mrefu wa taratibu. Mtu anayeweza kutoa wati 150 mfululizo, kiwango ambacho wengi wa wasio wanamichezo hawawezi kukihimili kwa muda mrefu, atatumia dakika 98 kwa kazi hiyo ya kuinua pekee, kabla hatujahesabu nguvu inayomezwa na kokoto, mchanga na mashimo. Hakuna baiskeli ya bei yoyote inayoifuta hesabu hiyo. Baiskeli nyepesi kwa kilo 2 itakupunguzia dakika 2 hivi.

Kosa la pili ndani ya dhana hiyohiyo ni kulinganisha kimo cha mwanzo na kimo cha mwisho. Lushoto iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Mambo, kule ukingoni ambako mlima unakatika na kuitazama nyika ya Mkomazi, iko kwenye mita 1,900 hivi. Mgeni hutoa 1,400 katika 1,900, akapata 500, akaridhika. Barabara haiendi hivyo. Hupanda hadi msitu wa Magamba, ikashuka kwenye mabonde ya kabichi na viazi, ikapanda tena tuta linalofuata, na kila mita uliyoshuka njiani unaidaiwa upya kwa miguu yako. Simu nayo haisaidii sana, kwani programu nyingi huchukua vimo kutoka kwenye vipimo vya rada vilivyopigwa kutoka angani mwaka 2000, ambavyo nukta zake zimeachana kwa takriban mita 30. Barabara iliyochongwa ubavuni mwa mlima inaweza kuonekana kana kwamba iko bondeni au juu ya kilele.

Kanuni ninayoitumia mwenyewe, na ninayomsihi kila mtu aitumie, ni hii: hesabu kilomita 12 kwa saa kwenye barabara ya vumbi, kisha ongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Kilomita 45 zenye mita 1,300 za kupanda zitahitaji saa 3 na dakika 45, kisha saa 2 na dakika 10, na ukiweka saa moja ya kupumzika na kula unakaribia saa 7. Aliyeondoka saa 4 asubuhi atarudi saa 11 jioni ikiwa hakupata pancha, hakupotea na hakuishiwa maji. Jua kwetu huzama karibu saa 12 na nusu jioni mwaka mzima, na giza halichelewi kuingia baada ya hapo.

Nimewahi kuwafuata kwa bodaboda watu wanne walioondoka saa 5 asubuhi ilhali niliwaambia wasiondoke. Ulikuwa mwezi wa Julai, ukungu umeshuka Magamba, hawana tochi wala koti, na mmoja wao alikuwa akitetemeka kiasi cha kushindwa kushika breki. Walikuwa watu wenye afya njema na baiskeli nzuri, na walichokosa ni saa chache za asubuhi. Ondokeni saa 1 asubuhi, hata kama njia inaonekana fupi.

Dhana: barabara isiyo na magari haina mtu

Ni kweli kwamba kwenye barabara za ndani unaweza kumaliza saa nzima bila kukutana na gari, na hiyo ndiyo sababu ya kuja huku. Hata hivyo barabara hizo ni za wenyeji kabla ya kuwa zetu: utakutana na akina mama waliojitwika kuni, watoto wanaotoka shule, ng'ombe wanaorudishwa zizini, bodaboda lenye magunia mawili, na mara nyingine lori la mboga linaloelekea mjini. Kwenye kona usiyoona mbele, punguza mwendo na upige kengele; ukiwakuta watu, salimu kwanza, wazee kwa shikamoo, ndipo upite. Magamba ni hifadhi, hivyo lipa ada ya kuingia kabla ya kuanza. Kuhusu lami ya kupanda kutoka Mombo kupitia Soni, ushauri wangu haubadiliki: pakia baiskeli kwenye gari hadi Lushoto, kwa sababu barabara ile ni nyembamba, ina kona nyingi, na mabasi huitumia siku nzima.

Dhana: tairi likijazwa upepo hadi liwe gumu ndipo huenda kasi

Kwenye lami laini kuna ukweli kiasi. Kwenye kokoto, tairi gumu hurusha baiskeli na mwili wako juu ya kila jiwe, na nguvu uliyoikusudia isonge mbele inapotea katika kurushwa huko, huku gurudumu la nyuma likiteleza kwenye mpando. Kwa tairi la milimita 40 lenye tyubu na mwendeshaji wa kilo 75, ninaanzia psi (kipimo cha shinikizo la upepo kinachosomwa kwenye pampu) 35 mbele na 40 nyuma. Usishuke sana chini ya hapo, kwa kuwa rimu itaibana tyubu kwenye jiwe na kuitoboa matundu mawili yaliyo sambamba.

Dhana: mteremko ni mapumziko

Zile kilojuli 880 ulizopanda nazo zinaweza kuchemsha zaidi ya lita 2.5 za maji, na sehemu kubwa yake breki zako ndizo zitakazoimeza wakati wa kushuka. Anayeshikilia breki kidogokidogo bila kuziachia huzichoma, na mikono yake hufa ganzi. Funga kwa nguvu kabla ya kona, achia ndani ya kona, ziache zipoe. Nikague pedi zako kabla hatujaondoka. Nikikwambia zimekwisha, zibadilishwe palepale.

Dhana: kushuka na kusukuma baiskeli ni aibu

Vijana wetu wanaoteremsha kuni na magunia kwa baiskeli zisizo na gia huzisukuma kila zinapokataa kupanda, na hufika. Ukitaka kusukuma kidogo zaidi, hakikisha meno ya gia ndogo ya mbele hayazidi meno ya gia kubwa ya nyuma.

Dhana: mvua ikikatika, barabara iko tayari

Udongo wetu mwekundu una mfinyanzi mwingi. Ukilowa huganda kwenye tairi hadi gurudumu linakwama kwenye fremu, na kwenye mteremko hauna mshiko wowote. Baada ya mvua kubwa za masika, kati ya Machi na Mei, ninasubiri siku mbili za jua kabla ya kumpeleka mtu yeyote kwenye njia za msituni, ambako miti huzuia jua na tope hukaa muda mrefu. Mwenye siku moja tu ya kukaa Lushoto ninampeleka kwa miguu Irente, ukingo wa kutazamia mandhari ulio karibu na mji.