Ukuta mtupu hauna pa kufichia kosa

Mteja akiniambia, "Nataka nyumba ya boksi tu, mistari minyoofu, bila mbwembwe," huwa anamalizia kwa kuuliza, "Si itakuwa bei nafuu?" Hapo natoa simu nimwonyeshe Nyumba ya Azuma iliyoko Osaka, Japani. Aliichora Tadao Ando, bondia wa zamani ambaye hakusomea usanifu chuoni, na ilikamilika mwaka 1976.

Kwa mbele ni ukuta wa zege wenye mlango mmoja, basi. Dirisha la barabarani hakuna. Ndani boksi limegawanywa mafungu matatu, na la katikati ni ua usio na paa. Mwanga na hewa vinapitia hapo. Usiku wa mvua, ukitoka chumbani kwenda chooni unabeba mwavuli. (Mimi nisingeweza.)

Sasa sogelea kuta za Ando uzitazame. Hazina plasta wala rangi. Bodi zilizoshikilia zege bichi zimeacha alama zake, kawaida sentimita 90 kwa 180, karibu sawa na tatami, mkeka wa sakafuni wa Kijapani. Ndani ya kila alama kuna vitundu vya vyuma vilivyobana bodi, vimepangwa sawasawa kama vifungo vya shati. Vitundu hivyo huamuliwa kwenye mchoro, siyo saiti. Uji wa saruji ukivuja kwenye kiungo, au vaibreta (mashine ya kutikisa zege lijae vizuri) isipofika chini, zege hutoka na mashimoshimo, na kosa hilo utaliona kila siku. Sisi tungepiga plasta, mambo yakaisha.

Hata skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta, kazi yake kubwa ni kuficha pale plasta na vigae vilipokutana vibaya. Ukitaka iondoke, mtafute fundi anayenyoosha ukuta hadi sakafuni, na umlipe.

Halafu kuna upenu, ile sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta. Boksi la kisasa hapa Dar mara nyingi ni mabati yaliyofichwa nyuma ya ukuta mfupi, maji yakikusanywa na mfereji wa ndani. Majani yakiziba mfereji, maji yanashuka darini. Na ukuta usio na upenu unapigwa na masika moja kwa moja, ukaanza kuchora michirizi myeusi.

Mteja wa mwisho kunisikiliza alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama skatingi inaweza kubaki vyumbani tu, sebuleni itolewe.

Inaweza.