Seli Shina na MS: Kinachotibu Si Kilichomo Kwenye Pakiti

Muulizaji hubadilika, swali ni lile lile: ati kuna unga wa seli shina za tufaha, pakiti moja asubuhi na moja jioni, na multipo sklerosisi (MS), ugonjwa wa kinga kushambulia neva, inaisha; ni kweli? Wanaouza hupita ofisi kwa ofisi, Moshi mjini na Arusha, na kila mmoja amesikia kwamba Ulaya MS inatibiwa kwa seli shina, yaani seli changa zinazotengeneza chembe za damu. Hilo la Ulaya ni kweli. La pakiti ni uongo, na uongo wenyewe umejengwa juu ya dhana moja ambayo hata watu waliosoma wanayo.

"Seli shina ndizo zinazotibu"

Hapana. Kinachotibu ni kemotherapi, dawa kali za kuua seli kama zile za saratani. Kwenye MS, limfosaiti za mgonjwa, aina ya chembe nyeupe za damu, hushambulia mayelini, utando unaofunika nyuzi za neva za ubongo na uti wa mgongo. Upandikizaji wa seli shina unalenga kuzifyeka hizo limfosaiti ili kinga ianze upya. Seli shina ni mbegu uliyoweka darini kabla ya kuchoma shamba. Nani atasema mbegu ndiyo iliyochoma magugu?

Tazama kazi inavyokwenda. Kwanza mgonjwa hupewa siklofosfamaidi kiasi, ambayo ni dawa ya kemotherapi, kisha sindano za filgrastimu kila siku, ili seli shina zitoke kwenye uloto, ute ulio ndani ya mifupa, ziingie kwenye damu. Filgrastimu peke yake inaweza kuamsha shambulio la MS, ndiyo maana haitolewi bila kemotherapi au steroidi. Damu hupitishwa kwenye mashine inayochuja seli hizo. Zinatakiwa angalau milioni 2 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mtu wa kilo 60 anahitaji milioni 120. Zinagandishwa. Baadaye ndipo dozi kubwa yenyewe inapokuja. Mpango mmoja unaotumika sana ni siklofosfamaidi miligramu 50 kwa kilo, siku 4 mfululizo. Kwa huyo wa kilo 60 ni gramu 12 jumla, pamoja na mesna ya kulinda kibofu na ATG, kingamwili za sungura zinazoua limfosaiti. Seli zinayeyushwa na kurudishwa kwa dripu, kama kuongezewa damu. Hakuna upasuaji.

Baada ya hapo kuna siku 9 hadi 12 ambazo chembe nyeupe karibu hazipo. Homa katika siku hizo ni dharura: antibayotiki za mshipani zianze ndani ya saa moja, majibu ya maabara yatafuata.

Sasa weka pakiti ya tufaha pembeni ya hayo. Seli ya tufaha ikifika tumboni inameng'enywa kama chakula kingine, na hata ingefika kwenye damu ikiwa hai, isingejua kutengeneza chembe ya damu ya binadamu. Kama ni tufaha unalitaka, la Lushoto ni tamu na bei yake inaeleweka.

Dhana hiyo hiyo inawapeleka wengine nje ya nchi kuchomwa seli za mafuta au za kitovu bila kemotherapi. Hiyo si tiba tunayoizungumzia hapa. Kabla ya kuuza kiwanja, uliza: nitapewa kemotherapi gani, miligramu ngapi kwa kilo, na chembe nyeupe zitakaa chini siku ngapi? Wakikosa jibu, rudi nyumbani na hela yako.

"Ndugu yangu atanitolea uloto"

Watu wanachanganya na selimundu. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kupandikiza watoto wenye selimundu kwa uloto wa ndugu. Kwa MS, seli ni za mgonjwa mwenyewe.

"Atainuka kwenye kiti cha magurudumu"

Mara chache sana. Neva iliyokwisha kufa hairudi. Wanaofaidika ni wenye MS ya kurudi na kupoa, wenye umri mdogo, bado wanatembea, na MRI, picha ya ubongo na uti wa mgongo, inaonyesha madoa mapya licha ya dawa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, wagonjwa wa aina hiyo 110 waligawanywa nusu kwa nusu: ulemavu uliongezeka kwa 3 waliopandikizwa, na kwa 34 walioendelea na dawa.

"MS ni ugonjwa wa Wazungu"

Ni adimu kwetu, ila upo. Kosa la hatari zaidi ni kuita MS kila upofu wa ghafla na kila miguu iliyopooza. Kwa Waafrika, nyuromailaitisi optika, ugonjwa mwingine wa kinga unaoshambulia neva za macho na uti wa mgongo, hufanana nayo sana, na baadhi ya dawa za MS huizidisha. Pima kingamwili za akwaporini-4, alama ya ugonjwa huo, kwanza. Pima pia kifua kikuu kilicholala, homa ya ini B na minyoo ya strongiloidi. Kinga ikishuka, vyote hivyo vinaweza kuamka.

"Akirudi nyumbani yamekwisha"

Kuna mambo ya kupanga kabla hajaondoka: kemotherapi inaweza kuua uzazi, hivyo mbegu za kiume au mayai yagandishwe mapema. Akirudi, miezi ya mwanzo asipukuchue mahindi, asifagie banda la kuku wala kugusa mboji, kwa sababu ya ukungu. Kisusio (supu ya damu), maziwa mabichi, mbege na nyama isiyoiva, hapana, hata kama shangazi amekasirika. Chanjo za utotoni hurudiwa, zisizo hai kuanzia miezi 6 hadi 12, na zilizo hai, homa ya manjano ikiwemo, si kabla ya miezi 24.