Kiti cha kulia hakimfundishi mtoto kukaa

Kuna ujumbe usioisha kwenye magrupu ya kina mama Nairobi: mkalishe mtoto kwenye kiti kirefu cha kulia akiwa na miezi 3, mgongo ukomae na akae upesi. Si kweli. Shingo na kiwiliwili hupata nguvu mtoto akilazwa kifudifudi akiwa macho, na akigaagaa mkekani. Kitini, kazi hufanywa na kiti. Ndiyo maana watu huchanganyikiwa: kwa macho anaonekana amekaa, kama mtoto aliyekalishwa ndani ya beseni lililojazwa blanketi. Na kwa kuwa wengi huanza kukaa wakikaribia miezi 6 au baadaye kidogo, kiti husifiwa bure.

Kupima kama yuko tayari kwa kiti ni rahisi. Mweke mkekani, umshike kiunoni kidogo tu. Kichwa kikiyumba au akiangukia upande, bado. Mtoto mchanga akijikunja kitini, njia ya hewa inaweza kubanwa.

Akiwa tayari, hata kiti cha mtumba cha soko la Gikomba kinafaa, mradi hakiyumbi na kina mkanda unaopita katikati ya miguu. Trei pekee haimzuii kuteleza.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mwambie aliyeutuma ajaribu kwanza kipimo cha mkekani.