Hela ya kuingia hotelini mapema: unalipia nini hasa, na lini ukatae

Swali nililoulizwa kuliko yote tangu nikiwa risepsheni mpaka sasa niko upande wa kupanga vyumba na bei ni hili: "Chumba si kipo tupu, sasa kwa nini nilipie?" Na mtu anauliza akiwa amesafiri usiku kucha, begi liko miguuni, macho mekundu, halafu kijana wa risepsheni naye ana foleni mbele yake anajibu tu "ni sera ya hoteli", basi mgeni anaondoka akiamini kapigwa. Saa nyingine kapigwa kweli, sikatai. Ila mara nyingi kuna hesabu nyuma yake, na ukishaijua hiyo hesabu utajua lini ulipe, lini uombe bure na lini ukae zako lobi.

Kwanza elewa kwamba tupu na tayari ni vitu viwili tofauti. Kwenye sistimu chumba mgeni akitoka kinasomeka tupu lakini kichafu, kikifanyiwa usafi kinasomeka kisafi, halafu supavaiza apite akague ndo kinafunguliwa kwa ajili ya kupewa mtu. Hoteli nyingi duniani zinatoa wageni kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana, na zinaingiza wapya kuanzia saa 8 mchana mpaka saa 10 jioni. Hapo katikati kuna masaa matatu manne tu. Mhudumu mmoja wa usafi kwa kawaida anapangiwa vyumba kama 12 mpaka 16 kwa zamu, na chumba ambacho mgeni ameondoka kinakula nusu saa, kikiwa kimechafuka sana dakika 45 au zaidi, maana ni kubadili shuka zote, bafu, kufuta vumbi, kujaza vitu, kutoa harufu. Piga hesabu mwenyewe. Vyumba havitoki vyote kwa pamoja, cha kwanza kinatoka mapema na cha mwisho kinatoka jioni, na ile saa ya kuingia iliyoandikwa kwenye buking yako imewekwa hivyo ili hata yule wa mwisho asisubiri sana. Kwahiyo unapoomba uingie saa 5 asubuhi, mtu fulani huko juu anaambiwa aache mpangilio wake aje kwenye chumba chako kwanza.

Sasa kuna jambo ambalo linawachanganya hata wasafiri wazoefu, nalo ni tarehe. Siku ya hoteli haibadiliki saa 6 usiku. Watu wa zamu ya usiku wanafunga mahesabu mida ya usiku wa manane kuelekea alfajiri, na wakishafunga ndo sistimu inahamia tarehe mpya. Tuseme umebuku kuanzia tarehe 10 na ndege yako inatua saa 8 usiku wa kuamkia hiyo tarehe 10. Wewe unajiona umefika siku yako, ila buking yako inaanza saa 9 alasiri, yaani umetangulia masaa 13, na kile kitanda unachokitaka kilikuwa kinauzwa kwa mtu wa tarehe 9. Hapo usitegemee kuambiwa ongeza kidogo. Utalipishwa usiku mzima, na kwa kweli hilo ni halali kabisa.

Ukifika muda huo, dawa yake ni kubuku kuanzia usiku wa nyuma yake. Lakini sikiliza, hapa ndo watu wanaumia: ukibuku tarehe 9 halafu ukatokea alfajiri ya tarehe 10 bila kumwambia mtu, zamu ya usiku inafunga hesabu inaona hujafika, wanakuandika mgeni ambaye hakutokea, wanakata hela ya usiku huo, na hoteli nyingi zinafuta buking nzima pamoja na siku zako zote zilizobaki. Unafika umelipa na huna chumba. Waandikie hoteli moja kwa moja, sio wakala aliyekuuzia, waambie "nimelipia tarehe 9 ila nitafika alfajiri ya tarehe 10, ndege namba fulani, naomba msinifungie", na usubiri wakujibu. Ujumbe wa mistari miwili tu huo.

Ukifika kuanzia saa 12 asubuhi kwenda mbele, mambo yanabadilika. Hoteli nyingi zina bei ya nusu siku, yaani asilimia 50 ya bei ya usiku mmoja, kwa anayeingia asubuhi mpaka mida ya mchana. Nyingine zinatoza kiasi maalum kisichobadilika, Las Vegas kwa mfano hoteli kubwa za kasino zimeshazoea kabisa kuuza kuingia mapema kama bidhaa yake, inabadilika bei kulingana na siku na inaletwa kwenye simu yako ukiwa unajisajili. Nyingine zinahesabu kwa saa. Na ukifika lisaa limoja au mawili kabla ya muda, hoteli yenye akili inakupa ufunguo bila kukutoza kitu kama chumba kipo tayari, maana chumba kilichokaguliwa kukaa kimefungwa hakimwingizii mtu hata senti na mgeni aliyenuna lobi ni hasara. Mimi anayetoza kwa nusu saa namuona ana njaa tu.

Swali ambalo wageni hawaulizi na ndilo linaloamua kila kitu: jana usiku mlijaa? Kama hoteli ilijaa, hakuna chumba cha kukupa saa 1 asubuhi hata ulipe mara mbili, watu wamelala humo. Kama ilikuwa nusu tupu, kuna vyumba vilisafishwa tangu jana na viko tayari saa hiyohiyo, na hapo gharama ya hoteli kukuingiza ni ndogo mno, kwahiyo ndo una nguvu ya kuongea. Hoteli za wafanyabiashara mara nyingi Jumapili usiku zinapoa, Jumatatu asubuhi ukiomba unapata kirahisi. Zile za mapumziko ufukweni Jumapili ndo vurugu, kila mtu anatoka na mizigo. Aina ya chumba nayo ina maneno yake, ukibuku ile aina ambayo hoteli nzima vipo vitatu tu utasubiri hivyo vitatu, ila ukisema "nipeni chochote kilicho tayari hata cha chini kidogo" mara nyingi mambo yanafunguka.

Kile kisanduku cha kuandika maombi kwenye mitandao ya kubuku, tafadhali usikiamini. Ukiandika humo "naomba kuingia saa 3 asubuhi" hiyo ni salamu tu, inatufikia kama ujumbe tu na haimfungi mtu. Tofautisha maneno: kama wameandika kutegemea upatikanaji, maana yake hawajaahidi kitu. Kama wamekuhakikishia, waulize wanahakikishaje, kwa sababu njia ya kweli ya kuhakikisha ni chumba kisiuzwe usiku wa nyuma, na ndo maana kuhakikishiwa saa 1 asubuhi bei yake inakaribia usiku mzima. Ukiuziwa uhakika huo kwa bei ya kutupa, jua ni maombi yaliyovalishwa suti.

Kadi za uanachama zinasaidia ila sio kama watu wanavyofikiri. Makampuni ya hoteli kama Marriott na Hyatt kwa wanachama wao wa ngazi za juu wana kutoka mpaka saa 10 jioni, tena hoteli za mapumziko zikiwa na masharti yake, lakini kuingia mapema kwa kawaida kunabaki kulingana na nafasi. Kuchelewa kutoka ni rahisi kuahidi kwa sababu tayari uko ndani na tunajua wewe ni nani. Walioenda mbali zaidi ni hoteli za The Peninsula, ukibuku kwao moja kwa moja unaweza kuingia saa 12 asubuhi na kutoka saa 4 usiku bila nyongeza, lakini ukiangalia bei ya vyumba vyao utaelewa hiyo nyongeza ilishajificha wapi.

Usitegemee pia kwamba hii hela itaonekana ulipokuwa unalinganisha bei. Marekani kwa mfano tangu Mei 2025 kuna kanuni inayolazimisha bei ya malazi itangazwe pamoja na ada zote za lazima, ila kuingia mapema ni hiari yako kwahiyo haimo, utakutana nayo mezani. Uliza kama kodi na huduma zinaongezwa juu yake, sehemu nyingi zinaongezwa. Uliza na chai ya asubuhi hiyo, kwa sababu ukilipa nusu siku kifungua kinywa cha siku unayofika mara nyingi hakimo, mtu anashuka anakula akijua kimelipiwa anakuja kukuta kwenye bili.

Kama chumba hakuna na huna hamu ya kulipa, acha mizigo, hoteli karibu zote zinakutunzia bila malipo, jiandikishe kabisa waweke namba ya simu yako wakupigie kikiwa tayari, na uliza kama kuna bafu la bwawani au jimu unaweza kuoga. Kujiandikisha mapema kuna faida, tunapopanga vyumba tunaanza na mtu aliyekwisha fika. Kwenye viwanja vikubwa vya ndege kuna vyumba vinavyouzwa kwa masaa, YOTELAIR wanaanzia masaa manne, inaweza kuwa nafuu kuliko nusu siku mjini. Nyumba za kupanga kwa siku ni habari nyingine, hapo mwenye nyumba ana fundi usafi mmoja na mgeni anatoka siku hiyohiyo, ila fungua kalenda yake, ukiona usiku wa nyuma haujachukuliwa muulize siku moja kabla, wengi wanakubali.

Mwisho, ukilipa lipa kwa risiti. Ukiambiwa toa keshi mkononi nikufungulie, hiyo sio ada, hiyo ni chai ya mtu na siku kikinuka huna ushahidi. Na ukilipia saa 4 asubuhi halafu ukapewa ufunguo saa 8 mchana, rudi risepsheni siku hiyohiyo kabla usiku hawajafunga hesabu, kufuta malipo ya leo ni kubonyeza tu, ila ikishapita usiku huo linakuwa faili la wahasibu na utazungushwa.