Kazi halisi ya uchachu ndani ya seli

Kila nikifundisha uchachu, swali langu la kwanza darasani ni hili: hatua ya mwisho, piruvati (kipande cha sukari iliyovunjwa) inapogeuzwa kuwa asidi ya laktiki, inaipa seli ATP ngapi, yaani molekuli zinazobeba nishati ya seli? Wanafunzi hujibu upesi: mbili, wengine nne. Jibu ni sufuri. Ukilielewa hilo, uchachu umeuelewa.

ATP zote za uchachu hutoka kwenye glikolisisi, yaani hatua zinazotangulia. Glukosi moja yenye kaboni 6 hukatwa ikawa piruvati 2 za kaboni 3, na seli hubaki na faida ya ATP 2. Oksijeni ikiwepo, mitokondria, vinu vya nishati ndani ya seli, huichoma piruvati hiyo hadi glukosi moja itoe ATP kama 30. Mbili ni chache, ila huja kwa kasi, na anayemalizia mita 400 pale Nyayo anahitaji kasi hiyo.

Kikwazo ni NAD, molekuli inayobeba elektroni ndani ya seli. Glukosi inapovunjwa, elektroni zake hupokewa na NAD, nayo hugeuka NADH. Seli ina NAD kidogo mno. Fikiria mikokoteni ya Marikiti: ikijaa yote na pakakosekana pa kushushia, kazi inasimama hata kama lori bado limesheheni viazi. Oksijeni ikikosekana, seli hushushia elektroni kwenye piruvati yenyewe. Misuli yetu na bakteria wa maziwa lala huishia kwenye laktiki. Hamira kwanza huitoa kaboni dioksaidi, ile inayoumua unga wa mandazi, kisha kinachosalia hupokea elektroni na kuwa ethanoli. NAD hurudi kazini, glikolisisi ikaendelea. Nishati nyingi ya glukosi hubaki ndani ya laktiki au pombe hiyo, haijaguswa.

Koroga unga wa wimbi na maji, ufunike, uuache siku mbili mahali penye joto. Ukifunua utakuta vipovu vidogo juu na harufu kali ya uchachu. Kwenye maziwa, asidi ya laktiki ikishusha pH (kipimo cha uasidi; ikishuka, uasidi umezidi) hadi karibu 4.6, protini ya kasini hushikana na maziwa huganda. Asidi hiyohiyo huzuia vijidudu vingi vya kuharisha visizaane.

Mfano unaonigusa zaidi ni seli nyekundu za damu. Zinasafirisha oksijeni usiku na mchana, lakini haziwezi kuitumia kwa sababu hazina mitokondria. Zinaishi kwa glikolisisi na kutoa laktiki, ambayo ini huigeuza tena kuwa glukosi. Hata zikiwa kwenye chupa ya maabara haziachi kula. Sampuli ya kupima sukari ikikwama kwenye msongamano wa Thika Road ndani ya chupa ya kawaida, kipimo kitasoma chini ya hali halisi, na mgonjwa wa kisukari anaweza kuambiwa yuko sawa. Ndiyo maana tunasisitiza chupa ya kifuniko cha kijivu. Ina floridi, inayozuia kimeng'enya cha enolesi. Lakini enolesi iko karibu na mwisho wa glikolisisi, kwa hiyo glukosi huendelea kupungua kwa saa moja au mbili kabla floridi haijashika barabara. Ukichukua damu mbali na maabara, iweke kwenye barafu papo hapo, na plazma, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli, itenganishwe mapema.