Je, wajua kwa nini daktari huomba kinyama cha pafu, yaani kipande kidogo cha pafu cha kupimwa, ilhali picha ya kifua anayo mkononi?

Tuseme baba yenu anaishi Ngamiani, Tanga. Ujanani alifanya kazi mashamba ya mkonge, baadaye akaenda kutafuta dhahabu Handeni, na sasa amestaafu, anafuga njiwa manga uani. Mwaka wa pili huu anakohoa kikohozi kikavu. Akitoka soko la Mgandini na kikapu chake, husimama njiani mara kwa mara kutafuta pumzi. Makohozi yamepimwa, kifua kikuu hakuna. Eksirei imeonyesha utando sehemu za chini za mapafu, kulia na kushoto. Hospitali ya Bombo imempa rufaa kwenda Muhimbili, amepigwa CT-Scan, ile picha ya vipande vipande inayotengenezwa na kompyuta, na sasa daktari anasema huenda ikabidi achukuliwe kinyama cha pafu. Familia itauliza, na ina haki ya kuuliza: picha si zimeshapigwa? Mnakata nini tena?

Jibu linaanzia kwenye ukuta ambao wengi wetu hatujawahi kuusikia. Mapafu yana vifuko vidogo vya hewa vinavyokadiriwa kufika milioni 300 au zaidi. Kati ya hewa iliyomo ndani ya kifuko na damu inayopita pembeni yake pana ukuta ambao, sehemu zake nyembamba, unene wake haufiki sehemu moja ya elfu ya milimita. Oksijeni hupenya hapo kuingia kwenye damu. Kuna magonjwa ambayo hayagusi sana mirija ya hewa kama pumu inavyofanya, bali huushambulia ukuta huu wenyewe: unavimba, unanenepa, na mwisho unageuka kovu. Pafu linakuwa gumu na oksijeni inapita kwa shida. Ndiyo maana mgonjwa akikaa kitako hujiona mzima, lakini akitembea kidogo tu pumzi inamwishia.

Magonjwa ya aina hii yamezidi 200, na ugumu wote uko hapo. Yapo yanayoletwa na vumbi la mawe lenye silika, linalowapata wachimbaji na wavunja kokoto. Yapo yanayotokana na mwili kuyakataa mavi na manyoya ya ndege, au ukungu wa vitu vilivyooza. Baridi yabisi inaweza kushuka mapafuni. Dawa pia zinaweza kuwa chanzo: amiodaroni ya moyo, methotreksati ya baridi yabisi, nitrofurantoini ya njia ya mkojo. Upo na ugonjwa wa kovu la mapafu usiojulikana chanzo, ambao huwapata zaidi watu waliovuka miaka 60. Yote haya yanaweza kumleta mgonjwa na kikohozi kilekile na eksirei zinazofanana.

Sasa, yangekuwa na tiba moja, nani angejisumbua kukata? Lakini tiba zake hupingana. Mtu aliyeathiriwa na ndege, jambo la kwanza ni kuwaondoa hao ndege, na mara nyingi predinisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe na kinga ya mwili, humsaidia, hasa kovu likiwa bado halijakomaa. Mwenye kovu lisilojulikana chanzo, predinisoloni inaweza kumdhuru. Kwa miaka mingi wagonjwa wa kundi hilo walipewa predinisoloni pamoja na azathioprini, nayo ya kushusha kinga, na dawa ya tatu, kwa nia njema kabisa. Utafiti uliofanyika Marekani ulipolinganisha mchanganyiko huo na vidonge visivyo na dawa, sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa mwaka 2011: waliokuwa wakimeza dawa walikuwa wamekufa 8, na waliokuwa wakimeza vidonge vitupu alikuwa amekufa 1. Dawa zilizokuja kukubaliwa kwa ugonjwa huo, pirifenidoni na nintedanibu, zilipitishwa Marekani mwaka 2014. Hupunguza kasi ya kovu, haziliondoi. Naye aliyejaa vumbi la silika hana dawa ya kulitoa. Huondolewa kwenye vumbi na kufuatiliwa kwa karibu, kwa kuwa silika hulipa shambulio la kifua kikuu nafasi kubwa zaidi. Kwa hiyo daktari anayeomba kinyama anaogopa kumpa baba yenu dawa ya mtu mwingine.

Hata hivyo, na hili nataka lieleweke vizuri, wagonjwa wengi hawahitaji kukatwa. Kipimo cha kwanza ni mazungumzo. Umefanya kazi gani tangu ujana? Ulikuwa unapasua mawe? Unafuga nini? Unatumia dawa gani? Viungo vinauma asubuhi? Vidole vinabadilika rangi kwenye baridi? Wazee wetu wengi hujibu kwa kifupi ili wasimchoshe daktari, na hapo ndipo jibu linapopotea. Mzee akisema "nilikuwa mkonge" akanyamaza, miaka yake ya machimboni haiandikwi popote. Wakati vumbi la mkonge husumbua zaidi mirija ya hewa, lile la machimboni ndilo linaloacha kovu kwenye kuta. Njiwa ndiyo kabisa, hakuna anayekumbuka kuwataja.

Baada ya mazungumzo hufuata damu, kutafuta dalili za magonjwa ya viungo na kinga, kisha CT-Scan ya vipande vyembamba, kila kimoja kama milimita moja. Picha hiyo ikionyesha matundu yaliyopangana sehemu za chini na pembezoni mwa mapafu, sura ambayo madaktari wenyewe huiita sega la nyuki, kwa mtu mzima asiye na chanzo kingine, ugonjwa unatajwa bila kisu. Vilevile vinundu vya silika sehemu za juu za mapafu, kwa mtu aliyeishi machimboni, hujieleza vyenyewe. Kinyama huombwa pale picha inaposema mambo mawili kwa wakati mmoja, na majibu yakiwa na uwezo wa kubadilisha matibabu. Kama hayatabadilisha kitu, hakuna haja ya kumtesa mtu.

Ikibidi, njia ni tatu. Ya kwanza ni ya mrija wenye kamera, bronkoskopi. Daktari Shigeto Ikeda wa Japani ndiye aliyeleta mrija unaopinda, miaka ya 1960, na tangu hapo imewezekana kufika ndani ya mapafu kupitia puani au mdomoni, mgonjwa akiwa amepuliziwa ganzi na kupewa dawa ya kumtuliza. Kikoleo kidogo hupitishwa ndani ya mrija na kunyofoa vipande vya milimita moja hadi tatu. Kwa baadhi ya magonjwa hivyo vinatosha, kwa mfano sarikoidosisi, ugonjwa wa vinundu vya uvimbe ambavyo hukaa kandokando ya mirija ya hewa. Kwa kovu, mara nyingi havitoshi, kwa kuwa ugonjwa wake hauenei sawasawa: hapa kovu, hatua moja mbele pafu lenye afya, kisha kovu tena. Kipande kidogo kilichobanwa na kikoleo hakiwezi kuonyesha mpangilio huo. Mrija huohuo hutumika pia kuosha sehemu ya pafu kwa maji ya chumvi na kuyavuta, ili chembe zilizomo zihesabiwe. Limfosaiti, aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu, zikijaa, daktari huanza kufikiria ndege na ukungu.

Ya pili ni ya kugandisha, na ndiyo inayonivutia kuliko zote. Badala ya kikoleo hupitishwa kijiti chembamba, upana wake kama milimita mbili, kinachopozwa kwa gesi hadi ncha yake ifike karibu nyuzi 80 chini ya sifuri. Nyama ya pafu inayogusana nacho huganda na kung'ang'ania, kama kidole chenye maji kinavyonata kwenye barafu ya friji. Baada ya sekunde chache daktari huvuta kijiti na mrija vyote pamoja, na kipande hutoka kikiwa kikubwa, mara nyingi milimita tano au zaidi, tena hakijapondwa. Eksirei ya moja kwa moja humwongoza asikaribie sana utando wa nje wa pafu. Damu hutoka, kwa hiyo puto dogo huwekwa tayari kuziba mrija wa hewa uliochukuliwa kipande. Mwaka 2020 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya wagonjwa 65 waliochukuliwa vinyama kwa njia hii na kwa upasuaji, wote wale wale. Majibu ya hadubini yalilingana kwa takribani asilimia 71, na wataalamu walipokaa pamoja kuyajadili, yakafika asilimia 77.

Ya tatu ni upasuaji kwa kamera. Hapa ni nusu kaputi kamili, pafu moja linapumzishwa lisipumue, matundu mawili matatu hutobolewa kati ya mbavu, na mashine inayobana na kukata huchukua vipande vya sentimita kadhaa kutoka sehemu mbili au tatu tofauti. Mgonjwa huamka na mpira kifuani wa kutolea hewa na damu. Bado ndiyo njia inayotoa kinyama bora kuliko zote, na ndiyo yenye gharama kubwa kwa mwili. Takwimu za hospitali za Marekani za miaka 2000 hadi 2011 zilionyesha kuwa waliopangiwa upasuaji huu wakiwa wametulia walikufa hospitalini asilimia 1.7, lakini waliokatwa kwa dharura walikufa asilimia 16. Ukizisoma namba hizo unaelewa kwa nini daktari makini humwambia mgonjwa aliyekwisha kutegemea oksijeni kwamba hatamkata.

Kinyama chenyewe huwekwa kwenye formalini, dawa ya kuzuia kisioze, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa tabaka nyembamba mno, hupakwa rangi, ndipo mtaalamu wa patholojia akaweka jicho kwenye hadubini. Yeye anaona umbo la kovu. Nani aliyelisababisha, hadubini peke yake haimwambii. Kwa sababu hiyo hukaa kikao kimoja na daktari wa mapafu na msomaji wa picha. Fomu ikifika maabara imeandikwa "kikohozi" tu, mtaalamu huyo anafanya kazi nusu gizani.

Mkiwa mmekubali kipimo, mwambieni daktari mapema kama baba anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, yaani aspirini, klopidogreli au warifarini, maana huenda zikasimamishwa kwanza. Akisharudi nyumbani, kutema damu kidogo siku ya kwanza baada ya mrija hutokea. Damu ikizidi, au akipata maumivu ya ghafla upande mmoja wa kifua na pumzi kumbana, huenda hewa imevuja nje ya pafu. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata ukiwa usiku wa manane.