Je, wajua kwa nini wanamuziki wa Guanajuato hupiga huku wakitembea?

Jua likizama Guanajuato, mji wa kale uliojibana kwenye bonde la milima katikati ya Mexico, watu huanza kukusanyika kwenye ngazi za kanisa la San Diego, ubavuni mwa ukumbi wa Teatro Juárez. Wengine wamebeba watoto. Mara hutokea vijana wenye kaptura zilizotuna, soksi ndefu hadi magotini na majoho meusi yanayoning'inia tepe za rangi, mavazi ya Hispania ya miaka mia nne iliyopita. Hupiga nyimbo kadhaa palepale. Kisha kiongozi wao huugeuzia umati mgongo, huingia kichochoroni, na watu wote humfuata. Kutoka hapo ni mwendo wa kupanda na kushuka, kuimba na kusimama kidogo kusikiliza kisa, mpaka safari iishe.

Matembezi hayo huitwa callejoneada, kutokana na neno callejón, yaani kichochoro. Kikundi chenyewe ni estudiantina, kikundi cha wanafunzi. Mexico imejaa wanamuziki wanaokaa uwanjani wakisubiri mteja awaite mezani. Kwa nini hapa muziki ukashika njia?

Jibu linaanzia mgodini. Wahispania waligundua madini ya fedha eneo hili katikati ya karne ya 16, na kufikia mwisho wa karne ya 18 mgodi wa La Valenciana, ulioko juu kidogo ya mji, ulikuwa miongoni mwa migodi tajiri kuliko yote duniani. Fedha ya Mexico ilifuliwa sarafu zilizozunguka bahari zote, hadi Bahari ya Hindi. Neno riale tulilolizoea pwani lina asili moja na real, sarafu ya Wahispania.

Basi watu walikimbilia mgodi, hawakukimbilia mji. Miji mingi ya Wahispania huku Amerika ilipimwa kwa kamba: uwanja katikati, barabara zilizonyooka, pembe mraba. Guanajuato haikupimwa. Kila aliyefika alijenga pale mteremko ulipomruhusu, na njia ya miguu aliyoikanyaga kila siku kwenda kazini ikawa ndiyo mtaa. Ndiyo maana hadi leo nyumba nyingi hazifikiwi kwa gari. Samani, mitungi ya gesi na majeneza hupandishwa kwa mabega. Mji wa namna hiyo hauna nafasi ya kuwaketisha watu mia mbele ya jukwaa kila mtaa, lakini una vichochoro visivyohesabika vyenye kuta za mawe pande zote mbili, na ukuta wa mawe huishika sauti ya gitaa na kuirudisha. Mimi naamini hilo lina uzito kuliko hadithi zote za kimapenzi wanazosimuliwa wageni: muziki ulitembea kwa sababu njia zenyewe ni nzuri kuimbia.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni huligundua akichungulia chini kwenye daraja. Mto wa Guanajuato ulikuwa ukipita katikati ya mji, na mara kwa mara ulifurika. Mafuriko ya mwaka 1905 yaliua watu wengi na kuharibu sehemu kubwa ya mji. Mto ukachepushwa kwa mahandaki, na katika miaka ya 1960 mkondo wake wa zamani ukageuzwa barabara ya chini kwa chini, yenye matao ya mawe juu yake. Mahandaki mengine yakafuata, maana huu ni mji wa wachimba migodi na kupasua mwamba ni kazi wanayoijua. Magari mengi yakashuka chini. Juu yakabaki maeneo ambako mtu anaweza kuimba katikati ya njia bila kupigiwa honi.

Na wale vijana walitoka wapi? Desturi yao ni ya vyuo vikuu vya Hispania. Huko, wanafunzi maskini walikuwa wakizunguka usiku na vyombo vyao, wakiimba kwenye malango na mahoteli ili wapate bakuli la supu. Waliitwa sopistas, watu wa supu. Guanajuato ni mji wa chuo kikuu ambacho mizizi yake ni shule ya Wajesuiti ya mwaka 1732, kwa hiyo wanafunzi hawakukosekana. Ila majoho yalikuja baadaye sana. Mwaka 1953 mwalimu Enrique Ruelas aliwatoa wanafunzi wake nje, kwenye uwanja mdogo wa San Roque, wakaigiza vichekesho vifupi vya mwandishi Mhispania Miguel de Cervantes, huku kuta za kanisa na nyumba za jirani zikiwa ndizo mapambo ya jukwaa. Watu waliupenda mno mchezo ule. Miaka kama kumi baadaye chuo kikawa na estudiantina yake, na mwaka 1972 likazaliwa tamasha la kimataifa la Cervantino, ambalo kila Oktoba huujaza mji hadi vitanda vikaadimika. Cervantes mwenyewe hakuwahi kukanyaga Amerika. Mwaka 1590 aliomba kazi huku, hata Soconusco ambayo sasa iko ndani ya Mexico, akakataliwa.

Wasogelee sasa hao vijana uone wanachopiga. Gitaa, mandolini, bandurria yenye umbo la peari, na tari ambayo mpigaji huigonga kwa kiganja, kiwiko, goti, hata kisigino, akiruka. Kuna pia laúd, na hapa msikilizaji wa taarabu atatabasamu, kwani jina hilo ni al-ud la Kiarabu, ndilo hilohilo udi letu. Anayestahili heshima yangu zaidi ni mwenye besi kubwa ya kusimama: hufunga mkanda begani, akapanda nayo ngazi huku akiipiga. Anayefuata msafara hupewa kijichupa chenye mdomo mwembamba, porrón, cha divai au juisi. Hunywewa kwa kuinuliwa juu ya uso ili mchirizi uingie kinywani bila mdomo kugusa, na shati la mgeni husimulia mengine.

Baa ziko, na ni nyingi. Nyingi zimeizunguka Jardín de la Unión, bustani ya pembe tatu ambayo wenyeji huiita kipande cha jibini, chini ya miti iliyokatwa ikafungamana kama dari. Hapo mariachi, wanamuziki wa kienyeji wa Mexico, husimama na tarumbeta zao na kulipwa kwa wimbo. Nyimbo za José Alfredo Jiménez haziepukiki: alizaliwa mwaka 1926 Dolores Hidalgo, katika jimbo hilihili, akatunga mamia ya nyimbo bila kujua kupiga chombo chochote. Ndani zaidi ya vichochoro kuna vilabu vya wanafunzi, vya bia na mezcal, pombe kali ya Mexico, na wengi huingia humo baada ya callejoneada, koo zikiwa tayari zimeshachoka kwa kuimba.

Lakini kabla ya hapo msafara hupita Callejón del Beso, Kichochoro cha Busu, ambako roshani mbili zinatazamana kwa sentimita 68 tu. Husimuliwa kisa cha msichana aliyeuawa na babake kwa kumpenda kijana maskini wa roshani ya pili. Wapenzi hupanga foleni wabusiane kwenye ngazi ya tatu. Njia ni nyembamba, hawapiti wote kwa pamoja, basi vijana hutangulia na vyombo vyao, na walio nyuma huwafuata kwa kusikiliza sauti imeelekea kona ipi.